Pete za Zdravka kwenye Rangi ya Gari

KITUO CHA POLISI, KARNOBAT
MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa na Inspekta Radostina Valcheva

Jina: Ognyan Petkov Tsachev
Umri: miaka 53
Kazi: kuosha magari na kupiga polishi kwa mashine
Makazi: Mtaa wa Chemchemi ya Juu, Karnobat

Nimeonywa kwamba natakiwa kusema kweli, na kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimeelewa. Nimeambiwa pia kuwa kinachotakiwa kwangu ni jibu la swali moja tu: ni nani aliyelifunga shata la karakana yangu, yaani ule mlango wa bati unaoshuka kwa umeme, leo Alhamisi asubuhi, nikiwa ndani pamoja na Temenuga Belcheva na baba yake mzazi, Spiridon Belchev.

Nitalijibu, ila naomba nianze mwanzo. Nikisema nilifunga mimi, nitalala ndani, kwa sababu malalamiko ya Temenuga yanasema hivyo. Nikisema alifunga mzee, atapelekwa kwa madaktari waseme hana akili timamu, kisha binti yake ataamua kila kitu kwa niaba yake, na atakachoamua kinajulikana. Mzee ataondolewa nyumbani kwake na kupelekwa Hispania. Kwa hiyo jibu la neno moja, lolote lile, litamdhuru mtu. Nimekaa kwenye benchi lenu kwa muda wa saa mbili nikitafuta la tatu na sijaliona, basi nimeamua kusema yote.

Mzee Spiridon tunamwita bai Spiro. Bai ndivyo tunavyowaita hapa wanaume waliotutangulia kuzaliwa, kwa heshima. Ana miaka sabini na minane. Alikuwa dereva wa treni hadi alipostaafu, na nyumba yake iko nyuma ya stesheni, yenye mzabibu uani. Mke wake, Zdravka, alifariki miaka mitatu iliyopita. Temenuga ndiye mtoto wao wa pekee. Aliondoka akiwa na miaka kumi na tisa kwenda Valencia, na sasa ana arobaini na kitu. Kazi yake huko ni kuhudumia wazee wa watu majumbani mwao.

Gari la bai Spiro ni la Kijerumani, bluu iliyokolea karibu na weusi. Rangi hiyo haisamehe kitu. Zdravka aliliosha kila Jumamosi uani, kwa sponji la jikoni, akizungusha mkono. Sponji la jikoni hunasa mchanga, na mchanga ukizungushwa juu ya rangi huacha mikwaruzo myembamba ya mviringo. Sisi wa kazi hii tunaiita pete. Kwenye kivuli huzioni. Ukiwasha taa kali, au jua likipiga, pete zinajitokeza kuzunguka mwanga kama utando wa buibui. Wateja huniletea magari wakisema yamezeeka, nami huwaambia hayajazeeka, yameoshwa vibaya.

Kila mwaka ikianza machipuko bai Spiro alilileta gari kwangu lioshwe, na kila mwaka tulibishana.

"Ogi, osha," alikuwa akisema. "Hiyo mashine yako iweke mbali na mimi."

"Bai Spiro, rangi hii inalia."

"Iache ilie. Hizo ni pete za Zdravka. Nilimnunulia moja ya dhahabu, yeye akaniwekea elfu mbili."

Zdravka mwenyewe alikuwa hai wakati huo, na aliposikia maneno hayo alimwambia akaendeshe treni yake. Alipofariki, mzee aliendelea kulileta, akaendelea kunikataza, ila mzaha ulikoma. Kwenye kioo cha ndani bado umening'inia uzi wa Zdravka wa Machi, ule tunaoufunga hapa kukaribisha machipuko, mwekundu na mweupe, ambao sasa wote ni wa rangi moja ya vumbi.

Oktoba iliyopita bai Spiro alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, na ulimi nao ulikufa nusu. Maneno yakaisha. Alichobaki nacho cha kuzungumzia ni mkono wa kushoto na kichwa.

Hapa namwomba Inspekta aandike polepole. Nimemwona ameandika "mzee alitikisa kichwa", na hilo halitoshi. Mimi na yeye tunaelewana kwa sababu sote ni wa hapa, lakini faili hili linaweza kusomwa na mtu wa mbali. Kwetu mtu akikubali hukipeleka kichwa kushoto na kulia. Akikataa huinua kidevu na kukishusha, na papo hapo hupiga ulimi kwenye kaakaa, tsk. Huko Hispania, na nasikia karibu kote duniani, ni kinyume kabisa. Sasa bai Spiro ile tsk hawezi tena kuipiga. Imebaki ya kidevu peke yake, juu na chini, na mgeni akimtazama ataapa kwamba mzee anaitikia ndiyo.

Leo, tarehe 14 Machi, siku ya Alhamisi, majira ya saa tatu asubuhi, Temenuga alifika karakana kwangu akiendesha gari hilo, baba yake akiwa kando yake. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nakula banitsa, mkate wetu wa jibini. Namjua tangu alipokuwa akiiba zabibu za baba yake mwenyewe, kwa hiyo niliinuka nikamkumbatia kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na mafuta. Tulimshusha mzee tukamkalisha kwenye kiti karibu na ukuta, mahali pasipo na maji. Naomba iandikwe kuwa mahali hapo nilipachagua mimi. Kisanduku cha shata kiko ukutani hapo hapo, na ufunguo wake hukaa humo mchana kutwa.

Temenuga alisema, "Kaka Ogi, nataka ling'ae kama kioo. Uzitoe zote hizo, hata moja isibaki. Saa sita tunasaini kwa wakili, nyumba na gari pamoja, na mnunuzi ni mtu wa kukagua kila kitu."

Nikauliza, "Na bai Spiro atakaa wapi?"

"Kwangu. Tunaruka Jumamosi. Amekubali mwenyewe, nimemwuliza mara ishirini na kila mara anaitikia. Si ndiyo, Baba?"

Nilimtazama mzee. Aliinua kidevu, akakishusha.

"Unaona?" akasema Temenuga.

Niliona, na nikanyamaza. Nimeulizwa kwa nini. Nilijiambia ugonjwa hubadilisha mtu, na labda hata kichwa chake kimegeuka. Nilijiambia pia kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Na yule binti alikuwa na furaha, nami sipendi kuwa mtu wa kwanza asubuhi kumwondolea mtu furaha. Hizo ndizo sababu zangu, na zote tatu hazinipendezi.

Nikaanza kazi. Nililiosha, nikalisugua kwa ule udongo laini unaonasa uchafu usioonekana, nikalikausha, nikabandika tepu kwenye raba na kwenye kingo, maana rangi ya kingoni ni nyembamba na mashine ikikaa hapo kidogo tu unafika kwenye bati. Kisha nikapima. Nina kifaa cha kupima unene wa rangi. Watu wanadhani kuondoa pete ni kufuta. Hakuna kinachofutwa. Mashine inaila vanishi nzima iliyo kando ya mkwaruzo mpaka ilingane na sehemu iliyoumia. Ndiyo maana kazi hii hufanywa kwa kupima, kwa sababu kilicholiwa hakirudi.

Nilianza na buti. Nilibandika tepu katikati, nikapiga upande mmoja kwa sponji gumu na polishi kali, halafu kwa sponji laini na polishi nyepesi, nikafuta, nikawasha taa. Upande mmoja ulikuwa kioo kitupu, wa pili ulikuwa umejaa pete. Temenuga alijiona uso humo akacheka, akanivuta mkono.

"Baba, tazama! Kama lilivyotoka kiwandani."

Mzee aliinua kidevu, akakishusha. Akakiinua tena, akakishusha. Alifanya hivyo haraka haraka, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ukipiga goti. Temenuga akaenda kumshika bega.

"Ndiyo, Baba, ndiyo, limependeza."

Mzee akazidi. Kadiri alivyokataa ndivyo binti alivyofurahi, na kadiri binti alivyofurahi ndivyo mzee alivyokataa. Nilisimama na mashine mikononi. Mtu huyo alikuwa amefungiwa ndani ya kichwa chake mwenyewe, anagonga mlango, na aliye nje anajibu kwamba amesikia muziki mzuri. Nilitaka kusema. Temenuga akatazama saa akaniambia, "Kaka Ogi, tafadhali, milango," nami nikaenda kwenye mlango wa dereva.

Mlango huo ndio wenye pete nyingi kuliko popote. Jumamosi bai Spiro alikuwa na kawaida ya kukaa ndani ya gari akisikiliza mpira redioni, na Zdravka akioshea hapo ili amsimange vizuri. Aliwahi kuniambia mwenyewe kwamba aliusugua mlango ule kuliko alivyomsugua mumewe. Niliweka sponji la mashine kwenye mlango, na kabla sijabonyeza vizuri nikasikia shata linashuka.

Niligeuka. Bai Spiro alikuwa ameshikilia ufunguo kwenye kisanduku kwa mkono wa kushoto. Shata lilipogusa sakafu, aliuchomoa, akainama hadi nikadhani anaanguka, akautumbukiza kwenye wavu wa mtaro wa maji machafu. Niliusikia ukitua majini.

Basi, jibu la swali ni hilo. Alilifunga bai Spiro. Naomba lisisomwe peke yake bila yanayofuata, na kama haliwezi kusomwa hivyo nalifuta. Inspekta ameniambia maelezo yakishaandikwa hayafutwi. Sawa. Hata katika kazi yangu ni hivyo hivyo.

Karakana yangu haina mlango wa pili. Ina dirisha moja dogo lenye nondo, linaloangalia ukuta wa jirani. Shata lina mkono wa chuma wa kulizungushia umeme ukikatika, lakini mkono huo nilikuwa nimemwazima Kosyo wa matairi.

Temenuga akasema, "Fungua."

"Ufunguo umekwenda na maji."

"Huna mwingine?"

"Uko nyumbani kabatini. Mke wangu yuko Aytos kwa dada yake."

"Na ule mkono wa kuzungushia?"

"Uko kwa Kosyo."

"Kosyo yuko wapi?"

"Burgas, amefuata matairi."

"Kaka Ogi, unanitania?"

"Temi, ningekuwa natania ningetafuta mzaha mwingine."

Nilikifungua kisanduku kwa bisibisi nikajaribu kugusanisha nyaya. Shata liliguna mara moja, likanyamaza. Nilipiga kelele dirishani, na ukuta wa jirani ukanirudishia. Nieleze pia kwamba mimi mlango uliofungwa siuwezi. Nilipokuwa kijana nilisafisha matangi ya mvinyo. Unaingilia tundu la chini, mabega kwanza. Siku moja mabega yaliingia yakakataa kutoka, na harufu ile ya mvinyo uliochacha iko puani mwangu mpaka leo. Tangu hapo nafanya kazi shata likiwa wazi hata theluji ikianguka, na mke wangu husema naipasha moto barabara ya stesheni. Kwa hiyo leo nilikaa sakafuni, mgongo kwenye gurudumu, nikapumua kwa kuhesabu. Jasho lilinitoka kama niliyekuwa nikikimbia. Sikumchukia mzee. Ila naomba isemwe kwamba niliogopa sana.

Temenuga alimpigia wakili, akampigia mnunuzi, kisha akapiga hapa kituoni. Nilimsikia akisema, "Tumefungiwa na mwanamume mmoja, mwenye karakana."

Alipokata simu nikamwuliza, "Mwanamume gani?"

Akasema, "Ulitaka nisemeje? Kwamba ni baba yangu? Si watamfungia kwa vichaa?"

"Kwa hiyo nifungwe mimi."

"Wewe unaweza kusema. Yeye hawezi." Kisha akakalia ile ndoo yangu akajifunika uso. "Hana akili tena, kaka Ogi. Nyie mnamwona amekaa vizuri, mnadhani yupo. Mimi kazi yangu ni wazee, najua. Desemba nilimpigia simu ya picha, nikamwuliza, Baba, unakumbuka kwamba Mama alifariki? Akakataa. Nikarudia kumwuliza. Akakataa tena, huku machozi yanamtoka. Hajui hata kwamba mkewe amekufa. Nimwache peke yake na jiko la kuni? Wewe ungemwacha?"

Nikamwuliza, "Alikataaje?"

"Alikataa tu."

"Nionyeshe."

Akainua uso, akakipeleka kichwa kushoto na kulia, polepole, kama wanavyokataa huko anakoishi.

Niliusahau mlango kwa mara ya kwanza tangu ufungwe. Nilimwambia, "Temi, hapo alikuwa anakwambia anakumbuka."

Akasema, "Hapana. Mimi na Baba tuna mtindo wetu. Miaka kumi ananiitikia kwa kichwa, Kihispania, kwenye simu ya picha, kwa ajili ya watoto wangu. Walikuwa wanamcheka, naye alifurahia."

"Alikuwa anacheza nao. Wakati huo alikuwa na ulimi. Sasa hana cha kuchezea."

"Wewe umejuaje?"

"Miaka yote ananikataza kuzigusa pete hizi. Tangu umeingia hapa amekuwa akikataa, nami nimemwona na nikaendelea na kazi. Utanitukana baadaye. Mwulize kitu ambacho huwezi kukosea."

Temenuga alikwenda akachuchumaa mbele ya kiti cha baba yake. Mzee alikuwa ameulaza mkono wa kushoto juu ya ule uliokufa.

"Baba," akasema, "mimi ni Temenuga?"

Mzee alikipeleka kichwa kushoto na kulia.

"Baba, mama yuko hai?"

Mzee akainua kidevu, akakishusha. Mara hii mdomo wake ulijikunja, nikajua anajaribu kuipiga ile tsk. Ilitoka pumzi tu.

Palikuwa na swali la tatu. Nililiona mdomoni mwa Temenuga, na hakuliuliza. Mimi pia sikuliuliza, kwa kuwa halikuwa langu. Aliendelea kuchuchumaa hapo muda mrefu, na nilipotazama tena alikuwa ameweka paji la uso juu ya goti la baba yake. Alikuwa akisema kitu kwa sauti ya chini. Nilisikia neno "Desemba" peke yake.

Halafu aliinuka akaniomba niwashe taa kwenye mlango wa dereva. Niliiwasha. Pete zilijitokeza zote, ndogo juu ya kubwa, zimepandana.

"Hizi zote?" akauliza.

"Kila Jumamosi."

"Na za kwenye buti?"

"Nusu zimekwenda."

"Huwezi kuzirudisha?"

Nimeulizwa mambo mengi katika kazi hii. Nimeulizwa kama naweza kuondoa kutu, mavi ya ndege, utomvu wa msonobari, hata jina la mwanamke aliyeachwa. Sijawahi kuulizwa kama naweza kurudisha pete. Nilimwambia siwezi. Temenuga akaweka ncha za vidole kwenye mlango, akazizungusha kufuata pete moja, bila kubonyeza. Baba yake alikuwa akimtazama kwa umakini.

Simu ya Temenuga ililia ilipofika saa sita. Aliitazama, akaiacha ilie hadi ikachoka. Ikalia tena, akaigeuza kifudifudi juu ya boneti. Mimi niliitoa ile simu pale, nikaiweka kwenye rafu, kwa sababu boneti ilikuwa imeshasafishwa na kifuniko cha simu kina mchanga. Nilipofanya hivyo, bai Spiro alitoa sauti puani. Naamini alikuwa anacheka.

Polisi walifika kama saa saba kasoro wakasimama upande wa pili wa shata. Sikulaumu mtu, ila kuambiwa "tulieni humo ndani" na aliye nje kunaudhi. Kosyo alirudi kutoka Burgas, akauleta ule mkono wa chuma, na shata likainuka. Nilitoka wa kwanza. Sikumsubiri mzee wala mwanamke, nilitoka nikasimama barabarani nikavuta hewa, na mtu yeyote wa mtaani anaweza kuwaambia.

Temenuga alimpandisha baba yake kwenye gari la polisi, akapanda naye. Hakusema lolote kwangu wala kwa askari. Mpaka sasa sijui kama anaamini alichokiona au anaona nimemroga. Malalamiko yake dhidi yangu bado yako mezani hapa, nayaona.

Inspekta ameniuliza kama kwa maoni yangu Spiridon Belchev alijua anachokifanya alipolifunga shata. Nimesema mimi si daktari. Lakini nilipiga nusu ya buti na hakulifunga. Alisema hapana kwa adabu, mara nyingi, kwa namna pekee aliyobakiwa nayo, na sisi wawili tuliokuwa na masikio mazima hatukusikia. Alilifunga mashine ilipogusa mlango wa mkewe. Amefunga milango ya treni miaka thelathini na anajua hufungwa lini. Ulimi wake haupigi tena ile tsk, basi aliipiga kwa shata langu. Naomba hilo liandikwe kama nilivyolisema, na kama kisheria ni kosa, mniandike mimi kuwa mwenye shata.

Niliyoyaona na kuyasikia yameishia hapo. Sina la kuongeza, na la kupunguza sina isipokuwa zile pete za buti, ambazo nilikwisha kuzipunguza kabla sijafungua mdomo.

(Sahihi) O. P. Tsachev
Karnobat, 14 Machi

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti. Nilipomwuliza kama ni sahihi alijibu kwa kichwa. Kwa kuzingatia aliyoyasema yeye mwenyewe, nilimtaka atamke. Ametamka kuwa ni sahihi na ametia sahihi mbele yangu.

NYONGEZA: Saa kumi na nusu jioni nilimwita mlalamikaji, Bi. Temenuga Belcheva, aliyekuwa akisubiri ukumbini pamoja na baba yake. Aliomba asomewe maelezo ya shahidi, nikamsomea. Ameyaondoa malalamiko yake na kutia sahihi. Kabla ya kutoka aliniomba nisilifunge faili kwanza. Alimgeukia baba yake, akamwuliza kama anataka kwenda Valencia. Bw. Spiridon Belchev aliinua kidevu, akakishusha. Nilimwuliza Bi. Belcheva niandike nini. Akasema: "Andika hapana."

(Sahihi) Insp. R. Valcheva